Sponji Mbele ya Spika

Mama alilichukia gita langu tangu siku nilipolileta nyumbani. Kila nikiwasha amplifaya sebuleni alishika kichwa. "Hiyo kitu inanitoboa," alisema. "Si ucheze kama watu." Nilimjibu kwamba hao watu hawajui gita. Tulizozana hivyo miaka mingi, na michai nje ikaendelea kuchipua bila kutujali.

Kisha akapatwa na kifua kikuu kilichokataa kusikia vidonge, akaanzishiwa sindano. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Dawa itamsaidia," akasema, "lakini kuna watu inawakula masikio. Inaanza na zile sauti nyembamba za juu, kama za vifaranga. Kuongea atasikia tu, kwa hivyo msidanganyike. Mkiona dalili, mlete siku hiyo hiyo tuibadilishe. Sauti yenye imeshaenda hairudi."

Tangu hapo lawama za mama zikawa tamu kwangu. Kila jioni, kabla ya kukamua ng'ombe, nilikaza trebo, kile kitufe cha sauti za juu, na kukazana kwenye nyuzi nyembamba, naye kwenye kiti chake mkabala na spika akikunja uso. "Unaniua," alisema, nami nikashukuru kimoyomoyo. Jirani aliyepita na gunia la majani ya chai kwenda kituo cha kuyapimia aliniangalia kama mwana asiye na huruma. Sikujisumbua kumweleza.

Shida ni kwamba kanisani, nilikopiga kila Jumapili, nao walilalamika. Waliokaa benchi la mbele, usawa wa spika, walisema inawakata masikio, na wa pembeni hawakuelewa wenzao wanalia nini. Nilipiga magoti mbele ya kasha la spika nikasikiliza, nikasogea kando, nikasikiliza tena. Walikuwa wakisema kweli. Ule ukali ulitoka katikati ya spika ukaenda mbele moja kwa moja, kama maji ya mpira wa kumwagilia. Nikipunguza trebo kwenye kitufe, gita lote lilikuwa zito kama limefunikwa blanketi. Na harusi ya binti wa mzee wa kanisa, niliyoombwa kupiga, ilikuwa imekaribia.

Nikaenda mjini Kapkatet kwa mshona viti, nikanunua kipande cha sponji ya godoro. Nilikikata duara, nikatoboa tundu katikati, nikakibana kati ya wavu na spika. Ukali ukalegea, utamu ukabaki. Nilijisifu sana, maana hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Jioni hiyo nikapiga. Mama alichagua maharagwe bila kukunja uso mpaka sinia ikaisha.

"Leo iko sawa," akasema. "Umefanya nini?"

Nikamweleza. Akacheka, akasema kumbe godoro lina akili kunishinda. Nami nikacheka, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Sikujua tena kama ni sponji iliyomtuliza au ni sindano.

Kesho yake nilingoja atoke kwenda kumwangalia ndama. Nikafungua wavu, nikaitoa ile sponji, nikaikalia ili asiione. Trebo nikaizungusha mpaka mwisho. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu mchana, hata zizi halikuonekana vizuri kutoka mlangoni. Alirudi na sinia yake, akaketi palepale pake, mkabala na spika.

Nikaanza na nyuzi nene, kisha nikapanda. Nilipofika juu kabisa kwenye uzi mwembamba, meno yangu mwenyewe yalisisimka. Mbwa aliyekuwa amelala mlangoni akainuka, akalaza masikio, akapotelea kwenye ukungu. Nikaurudia uzi uleule, kwa nguvu zaidi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nilitaka anitukane, anirushie hata sinia yenyewe.

Mama alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje. Akaendelea kuchagua, kichwa kikiyumba kidogo kufuata mdundo.

"Hata jana haikuwa tamu hivi," akasema bila kuinua macho. "Hiyo sponji yako usiitoe kamwe."

Nikazima amplifaya, nikaenda kumtafutia viatu vyake vya safari.