Sinema Niliyomtengenezea Mama

Mama alimfuata baba kutoka Uganda, na baba akatutoroka kabla sijaota meno. Cheti cha ndoa hakikuwepo. Mama akabaki Kitengela akiosha matumbo kwenye kichinjio na kujificha kila alipoona askari. Aliyemwokoa ni jirani yetu, mama Mkenya wa Busia, kule mpakani, ambaye lugha yake na ya Mama ni moja. Mwaka fulani wa tisini na kitu alimpeleka Kajiado, akaapa mbele ya wazee waliokuwa wakihoji waombaji wa vitambulisho: "Huyu ni dada yangu, tumbo moja." Mama akapata kitambulisho. Mimi nilikatazwa kutaja Uganda nje ya nyumba, nikatii hadi nilipokuwa mtu mzima.

Kisha nikajifunza kamera, na kichwa kikanivimba. Sinema yangu ya kwanza ilikuwa maisha yake: baba akitoroka, ndoo za matumbo, kiapo cha Kajiado. Niliifanya kwa siri nikitaka kumfurahisha. Tuliionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, shuka jeupe likiwa ukutani. Na kwa kuwa kwetu hata choo hakizinduliwi bila mgeni wa heshima, nilimwalika chifu. Nikampa kiti cha mbele na soda mbili. Halafu, mjinga mimi, nikasimama nikatangaza kwamba yote watakayoona ni kweli, na mwenye maisha hayo ndiye yule pale, mama yangu. Wakampigia makofi.

Kiapo kilipofika watu walicheka sana, maana mwigizaji alikuwa hodari. Mama na jirani walikuwa wameshikana mikono. Hawakucheka.

Chifu aliposimama kuhutubia, alinisifu kwanza. "Huyu kijana ako na kipaji," alisema. Kisha akawageukia. "Na hawa mamama wawili, Jumatatu nawaona ofisini. Mkuje na vitambulisho."

Mama alinyang'anywa chake. Jirani aliomba msamaha akiwa amepiga magoti, akasamehewa, na hakutusalimia tena. Mimi sikuguswa, kwani baba, kwa ubaya wake wote, alikuwa Mkenya. Najichukia nikikumbuka kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nikipokea simu za pongezi.

Mama alipewa siku chache aondoke nchini. Alipokuwa akifunga mfuko wake nilimwambia nilitaka watu wajue alivyoteseka.

"Mwaka mzima ulikuwa unaandika hii kitu," alisema bila kuniangalia. "Na tunakula pamoja kila siku. Si ungeniuliza tu?"