Kutoka Kondoa Hadi Mvumi, Viazi Vikiwa vya Moto

Harufu ya mafuta ya ndege iliyochanganyika na mavi ya mbuzi hadi leo hunirudisha utotoni. Kiwanja chetu cha ndege, huko vilimani Kondoa, kilikuwa malisho tu. Ndege ya misheni ikisikika, tulikimbia kuondoa mbuzi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba na sabuni za kila rangi zimejaa gulioni, lakini barabara ilikuwa ile ile. Kwenda hospitali ya Mvumi kwa lori kulichukua siku mbili, na mvua ikinyesha hakuna aliyekuahidi kitu. Siku hiyo mama alikuwa na uchungu tangu juzi yake, mtoto hatoki. Nesi wa zahanati akaita ndege kwa redio.

Nafasi ilikuwa ya mgonjwa na msindikizaji mmoja. Shangazi ndiye aliyekuwa aende, ila alikitazama kile chombo akarudi nyuma. "Mimi siingii kwenye kitu ambacho kikizima huwezi kushuka ukasukuma," akasema. "Aende huyu, si ndiye msomi wa kidato cha pili." Nikafungiwa kwenye khanga viazi vitamu vilivyotoka jikoni muda ule, chakula cha siku mbili. Baba akasema atafuata kwa lori. Hakunitazama.

Angani nilifumba macho, nimeshika mkono wa mama. Hata saa moja haikuisha, magurudumu yakagonga chini. Nikachungulia. Udongo mwekundu, nyasi zilizoliwa, watoto wanafukuza mbuzi. Tumerudishwa, nikajua, ndege imeshindwa, na mama atafia hapa hapa nyumbani. Nilikuwa na haya mno kumuuliza rubani lolote, basi mlango ulipofunguliwa nikamkumbatia mama asishushwe.

"Binti, mwachie mama. Tumefika," rubani akasema.

"Shikamoo," nikamjibu, bado nimemng'ang'ania mama.

"Marahaba. Mwachie sasa."

"Tumefika wapi?"

"Mvumi. Ulitaka nikupeleke Ulaya?"

Sikumwamini mpaka mwanamke aliyeshika machela aliposema "Mbukwenyi", salamu ya Wagogo, ambayo sisi Warangi hatuna. Nikamwachia, wakamchukua mama mbio. Nikabaki nimekaa chini, furushi la viazi mapajani. Vilikuwa bado vya moto.

Baba alifika siku ya tatu, mwekundu kwa vumbi, kifurushi kwapani. Alimkuta mama amekaa kitandani anakunywa uji, mdogo wangu amelala pembeni yake. Alitutazama kama watu waliotoka kaburini, kisha akakikalia kile kifurushi.

"Umetuletea nini, baba Zuhura?" mama akauliza.

"Kitambaa."

Mama akakivuta, akakifungua. Ilikuwa bafta nyeupe, ya kutosha sanda. Kwa baba, Mvumi ilikuwa siku mbili hata kwa anayepita juu, na mama asingezimaliza siku mbili. Mama akaikunja ile bafta, akamrudishia. "Kata nepi," akasema.

Sasa naishi mjini, Area D, na lami inafika Kondoa. Mdogo wangu huja kutoka huko asubuhi akarudi jioni, akilalamika kwamba basi limemchelewesha. Namwacha alalamike. Namtengea viazi, namtazama akivipuliza, na mpaka leo nashindwa kumwambia nepi zake za kwanza zilikatwa kwenye kitambaa gani.