Swali la Mama Mkwe

Miaka ile ya soko huria wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wakiingia kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, kila mmoja na mizani yake. Ukiona ya huyu inakupunja, unajitwisha mzigo wako unakwenda kwa mwingine. Mambo ya kupimika hayo, tuliyazoea.

Msimu huo mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa, amelala ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha. Asubuhi moja nimemshikia kikombe cha uji, nina haraka, pamba inaningoja, akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nikifa, mkiniita nitasikia?"

Kwetu mkubwa akifa hutengewa ng'ombe. Anapewa jina la marehemu, hauzwi mnadani, na siku ya shida watu husimama mbele yake wakamwita mtu wao. Nikajua mama anadai ng'ombe wake. Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi. Tutakutengea yule mwekundu mwenye pembe zilizopinda. Mwanao akitaka kumuuza, atanikuta mlangoni mwa zizi."

Akacheka mpaka uji ukammwagikia. "Nakuuliza kusikia, wewe unanijibu pembe."

"Basi muulize katekista."

"Nilimuuliza. Anajibu kama mtu aliyekwenda akarudi."

Nikamwambia maswali hayo hayana mwisho, anywe uji kabla haujapoa. Nikaenda zangu shambani. Niliporudi jioni alikuwa hawezi kusema tena, na siku ya tatu tukamzika.

Ng'ombe mwekundu tulimtenga, nikawa namkamua mwenyewe. Siku moja, nimechuchumaa ubavuni pake, nikasema, "Mama, unasikia?" Ng'ombe akatingisha sikio. Mimi niliishia darasa la pili, lakini nzi nikimwona namjua.

Kesho yake nikauliza tena.

Wajukuu zangu waliosoma huniambia, "Bibi, kitu kisichoweza kuthibitishwa unakiwazia nini?" Nawaambia niliulizwa na mtu anayekufa, nikamjibu habari za ng'ombe. Ningeweka kikombe chini, nikakaa, nikasema, "Sijui, mama. Wewe unaonaje?" Nisingemaliza hata muda wa kuchuma mstari mmoja wa pamba.

Ng'ombe wa sasa ni mjukuu wa yule mwekundu. Nikimaliza kukamua naweka kibuyu chini, namuuliza mama, halafu nakaa kidogo.