Mto wa Kiti cha Marehemu

Mama msafishaji haanzi kazi kabla hajafumba macho akainusa nyumba kona kwa kona, kama anayeonja mchuzi. Ukuta huuosha kutoka chini kwenda juu, maji ya siki yasije yakachora michirizi, huku akiugombeza moshi wa sigara: "Toka, umekaa vya kutosha!" Leo mjane mwenye nyumba alimfuata chumba hadi chumba, mdomo ukishukuru, macho yamekwama kwenye kiti ambacho marehemu mumewe alizoea kukalia akivuta sigara. Jioni, kuta zikiwa nyeupe na mapazia yamefuliwa, mama alimkabidhi mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mto wa kile kiti. "Huu sikuufua, dada yangu. Ukimkumbuka, fungua kidogo unuse. Halafu funga upesi, asije akaisha."