Kanga Nyekundu, Leo Makopa

Chuoni kwetu Kibaha, kompyuta tuliijua kwa kuchorwa ubaoni. Mwalimu wa mifumo ya taarifa alichora sanduku, akatia mshale wa kuingia na mshale wa kutoka, akasema, "Msiliogope sanduku. Angalieni mishale." Nililipenda somo lile tangu siku hiyo.

Mwisho wa mwaka wa kwanza kila mwanafunzi alipelekwa kijijini kurekebisha jambo moja likaonekana. Mwalimu alikuja kukagua, na asiyefaulu hakuendelea na mwaka wa pili. Mimi nilipangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Kibuta, Kisarawe, chenye mashine moja ya kusaga na foleni isiyokwisha.

Kwanza nilikaa nikaangalia. Mashine yenyewe ilikuwa na kasi. Kilichokula muda ni kubadilisha. Mama mmoja ameleta mahindi, anayemfuata ameleta makopa, yaani muhogo mkavu. Hakuna aliyetaka unga wake uchanganyike na wa mwenzake, kwa hiyo mwendesha mashine alizima, akafungua, akakung'uta, akawasha. Anayefuata tena ana mahindi: zima, fungua, kung'uta. Ukiwaweka wenye mahindi pamoja na wenye makopa pamoja, usafishaji unapungua na foleni inakatika yenyewe.

Kulijua hilo ni rahisi. Kazi ni kumfikia mtu aliye nyumbani kwake, kabla hajajitwika mzigo, ajue leo ni zamu ya nini. Hapo ndipo nilipoielewa mishale. Mashine ilikuwa juu mlimani, inaonekana kutoka vitongoji vyote. Nikafunga kamba kati ya paa lake na mnazi, na mama niliyekaa kwake akaniazima kanga mbili. Nyeupe, leo mahindi. Nyekundu, leo makopa. Mabalozi wa nyumba kumi wakatangaza, na haikuchukua muda akina mama wakawa wanasaga na kuondoka jua halijawa kali.

"Binti wa chuo," mwendesha mashine alinitania, "utanikosesha watu wa kupiga nao soga."

Siku ya ukaguzi nilitundika nyeupe alfajiri, nikateremka barabarani kumpokea mwalimu. Tuliporudi, uwanja ulikuwa umefurika kama siku ya gulio. Mahindi huku, makopa kule, kila mtu anapaza sauti.

"Leo nyeupe! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Macho yako yanataka miwani, wifi. Hebu tazama kamba!"

Nikatazama kamba. Nyekundu. Mwaka wa pili niliuona unaondoka.

Bibi mmoja, jirani wa mashine, akatoka ndani kwake na kanga nyeupe mkononi, imekunjwa vizuri. Alikuwa amerudi jana yake jioni kutoka kwa binti yake anayeishi kijiji cha Soga, wala hakuwa na habari ya mpango wetu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii ni yako? Niliikuta imekauka, nikakuanulia isipauke. Nikaanika ya kwangu. Kamba yenu ina jua zuri!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mimi sikuweza; nilikuwa namtazama mwalimu. Alikuwa amemwendea mama mmoja aliyekaa kando ya gunia la makopa.

"Mama, mahindi nyumbani huna?"

"Ninayo, baba. Nilishajitwika. Nafika mlangoni naona nyekundu, nikayatua, nikapakia makopa. Jasho lote hili ni la kanga ya bibi."

Mwalimu akanigeukia, anajizuia kucheka. "Umemsikia? Ametua mzigo akapakia mwingine, na hakuna aliyemwambia neno. Sasa huo ndio mfumo wa taarifa. Umefaulu. Ila tafuta alama isiyofuliwa."

Vigelegele vikapigwa, na waliokuwa nyuma wakaitikia bila kujua vya nini. Nikawapanga: wenye mahindi mbele, mashine isafishwe mara moja, kisha makopa. Nilipotaka kuishusha ile nyekundu, bibi akanishika mkono.

"Wewe! Bado mbichi hiyo."

Tukaiacha, tukaanza kusaga mahindi.