Jina la Maige Kwenye Ubao wa Karela

Wifi yangu Getruda aliachishwa shule darasa la nne akachunge ng'ombe. Kaka yake, marehemu mume wangu, aliendelea kusoma hadi akawa mkaguzi wa shule, na tangu hapo jina la Maige hapa Mwanza likamaanisha elimu. Mimi niliolewa katika jina hilo nikiwa na cheti changu cha ualimu, na tangu anifie nimelitunza.

Getruda alilijua karela jikoni kwa Wahindi aliowapikia miaka kumi na tatu. Ni tunda la kijani lenye matuta kama ngozi ya mamba, chungu kupita kiasi. Bibi wa nyumba ile alikuwa na kisukari, akilila kila siku pamoja na vidonge vyake. Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi na kila mwenye kitu akatoa meza nje, wifi naye akapanda karela nyuma ya nyumba yake Buzuruga. Kufikia mwaka 1996 watu walivuka kwa kivuko kutoka Sengerema kumfuata. Wengine waligonga kwangu kwa makosa.

"Shikamoo mama. Ndiyo hapa kwa Maige wa dawa?"

Maige wa dawa! Kazi yote ya mume wangu ikafunikwa na tunda. Tena niseme ukweli: tangu nistaafu, hakuna aliyevuka hata barabara kuja kuniuliza neno.

Niliposikia wifi anataka kuweka ubao wenye jina la Maige, niliapa hautasimama.

Asubuhi moja akagonga kwangu Masalu, mfanyakazi wa kiwandani Nyakato. Alikunywa vikombe vitatu vya maji mfululizo.

"Karela limeniponya, mama. Vidonge vya hospitali hii wiki ya tatu sijagusa."

Nilimpeleka mwenyewe kwa wifi, moyo wangu ukicheka.

"Wifi, mgonjwa wako huyu. Anakufa kwa jina letu."

Getruda akaweka kisu chini. "Masalu! Nani kakwambia uache vidonge?"

"Si nimepona, mama?"

"Umepona na midomo imekauka hivyo? Unamfungua ng'ombe wa kulimia, halafu unamwambia mbuzi avute jembe! Karela ni msaidizi tu. Inuka, twende hospitali."

Akainuka, akamfuata. Nimefundisha miaka ishirini na sita, sijapata kutiiwa hivyo.

Alasiri Getruda alirudi peke yake, akanikuta nikimngoja pale kwake. "Wamemlaza. Daktari anasema tumewahi. Ahsante kwa kumleta, wifi." Akatoa ubao nyuma ya mlango. "Wewe una mwandiko. Nichoree kwa chaki, fundi atapaka rangi."

Nilichukua chaki. Afadhali mimi kuliko fundi wa kukosea herufi. Nikaandika KARELA LA GETRUDA MAIGE, na chini yake, kwa herufi kubwa za kumwaibisha: USIACHE VIDONGE VYA HOSPITALI.

Akayafuata maneno kwa kidole, polepole. Nikangoja akasirike.

"Haya ya vidonge yaongeze ukubwa. Yaonekane toka stendi."

"Nafasi imekwisha."

"Basi futa hilo la Maige. Watu wananijua."

Nilitafuta dalili ya kejeli usoni mwake, sikuiona. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye karela lake. Nikachukua kitambaa, nikalifuta jina la mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna aliyenizuia.