Aliyetuambia Tuache Maji

Msiniite mlevi wala mwongo. Nilikuwepo, akili zangu timamu, na hasira niliyonayo mpaka leo si ya mtu aliyeota.

Tulikuwa Idodi, tunapanga kupanda ule mlima wenye kilele bapa kama meza, siku nne kwenda na kurudi. Kiongozi alikuwa shemeji yangu Kastori, mume wa dada. Mimi mpishi, mdogo wangu Festo mbeba mizigo, pamoja na vijana wengine watatu. Jioni tukawa tunabishania maji. Mimi nasema tubebe madumu yote sita, shemeji anasema mizigo imezidi.

Ndipo akaingia uani mzee mmoja mwenye koti la kijivu. "Kamwene!" akatusalimu Kihehe. Tukaitikia. Akachuchumaa, akatuchorea njia chini kwa kijiti. Juu kuna chemchemi, akasema, madumu yaacheni.

Jamani, nilimjua! Zakaria wa Kalenga, aliyepotelea kwenye mlima uleule. Mwili haukupatikana, tukazika nguo zake, na kamba ya jeneza niliishika kwa mikono hii. Koti lile lilikuwa humo ndani!

Nikamvuta shemeji pembeni, nikamwambia. Akacheka mbele ya watu wote. "Moshi wa jikoni umekupanda kichwani, shemeji." Tulipogeuka, mzee hayupo. Hata hilo halikumshtua, maana mzee alishamwambia alichotaka kusikia.

Asubuhi wakaacha madumu manne. Nikagoma kwenda. Festo akaniuliza, "Kaka, sasa mimi nifanyeje?"

"Nenda na shemeji yako anayejua kila kitu," nikamjibu.

Walirudi siku ya tatu, midomo imepasuka kwa kiu. Festo hayumo. Walisema alimwona mzee wa koti akimpungia mkono, akamfuata akidhani anapelekwa kwenye chemchemi. Tulimtafuta wiki nzima, hatukupata hata kiatu.

Leo Kastori anakaa viti vya mbele kanisani, anasema ilikuwa mipango ya Mungu. Mungu ndiye aliyeacha madumu? Hatusalimiani, na dada haji tena nyumbani. Mchungaji anatusihi tuzike nguo za Festo. Sitaki! Nguo zake sizitoi, nimeshaona koti la Zakaria lilivyorudi.

Na baya zaidi ni hili. Nilipobaki Idodi na yale madumu, niliomba warudi na kiu ili shemeji aaibike. Ndiyo, niliomba, kwa mdomo wangu. Wewe unayepanga kupanda, ukijua jambo usikae pembeni umenuna. Mng'ang'anie mdogo wako, hata kama mtapigana.